Ngozi ya Fahali na Kikombe cha Adui

Sikutaka kwenda. Ziara ile ilikuwa ya mwalimu wa historia, na mimi nafundisha hisabati. Lakini mwenzangu aliamka na homa, na mkuu wa shule alipoingia ofisini alinikuta nakunywa chai kwa raha zangu. "Mwalimu, utawapeleka wewe," akasema, akatoka kabla sijameza. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilinuna njia nzima kutoka Bariadi mpaka kwenye geti la kambi ya jeshi, na wanafunzi wa kidato cha pili, ambao wananijua vizuri, walikaa kimya ndani ya basi kama watu wanaokwenda kuzika.

Getini tuliacha simu, tukaandika majina, tukaambiwa tupite katikati ya mawe yaliyopakwa chokaa na tusichepuke. Makumbusho yenyewe ni chumba kimoja. Zamani kilikuwa stoo ya viatu, na kwa jinsi kinavyonuka, viatu havijahama vizuri. Sajini aliyetupokea ni mtu wa Nassa, mpole, anayekaribia kustaafu. Alituonyesha vitu kwa fimbo nyembamba: bunduki zilizozibwa midomo, kofia ya chuma yenye tundu linaloingia kidole, redio ya upepo, ramani ya mpaka wa Kagera iliyochorwa kwa penseli za rangi, kiatu kimoja. Mwanafunzi mmoja aliuliza kiatu cha pili kiko wapi. Sajini alisogea kwenye bunduki.

Ukuta wa mwisho ulikuwa na kabati la kioo. Juu yake waliandika NYARA, yaani vitu walivyovikuta kwa adui. Kulikuwa na kisu, mkanda, miwani isiyo na kioo, na kikombe cha bati kilichobonyea upande mmoja. Kadi yake ilisema: "Kikombe cha askari wa adui. Alama ya kikosi haijulikani."

Niliinama kuitazama hiyo alama. Ilikuwa imekwanguliwa kwa ncha ya kisu, taratibu, na mtu aliyekuwa na muda: mwezi mchanga, na kijiti kimoja kimesimama ndani yake.

Ile haikuwa alama ya kikosi cha mtu yeyote. Ilikuwa alama ya ng'ombe wetu.

Nieleze. Kwetu Sola, kabla ya hizi hereni za plastiki ambazo serikali inatoboa nazo masikio ya mifugo, kila mji ulikuwa na alama yake ya kuchoma kwa chuma cha moto kwenye paja la ng'ombe. Babu yangu alikuwa na mwezi mchanga mtupu. Mtoto wake wa kwanza alipopata mji wake aliongeza kijiti kimoja ndani ya mwezi, wa pili aliongeza viwili. Baba yangu ndiye alikuwa wa kwanza. Mama husema alikuwa na ugonjwa wa kuandika ile alama: mpini wa jembe, kigoda, mlango wa ghala, hata kibuyu cha maziwa alichochongewa na shemeji yake. Kusoma alikuwa hajui. Ule ndio ulikuwa mkono wake wa kuandika.

Aliondoka kwenda vitani mimi nikiwa tumboni. Uso wake siujui, na picha hakuna. Vita vilipokwisha wenzake walirudi, wengine walirudi na mguu mmoja, wengine walirudi na akili nusu, ila walirudi. Yeye ikaja barua: hajulikani alipo. Mimi nawafundisha watoto wa watu kwamba kisichojulikana kinaandikwa kwa herufi, halafu kinatafutwa mpaka kipatikane. Baba aliandikwa tu.

Babu alikataza watu wasilie. Alisema mji wake hauwezi kuweka msiba wa mtu ambaye maiti yake haijaonekana, maana akirudi atakuta amezikwa akiwa hai, na huo ni mkosi usiosafishika. Basi mama hakunyolewa nywele, hakukaa chini, hakupewa pole. Akiwa msichana wa miaka ishirini na kidogo akawa mtu asiye na jina: si mjane, si mke. Wanaume waliomtaka waliambiwa ana mwenyewe. Waliosema hivyo walipoulizwa huyo mwenyewe yuko wapi, walitazama pembeni.

Halafu wachuuzi wa samaki kutoka Lamadi wakaleta yao. Eti baba ameonekana ng'ambo, huko alikokwenda kupigana, ana mke na duka la baiskeli. Nani alimwona? Mtu fulani alimwambia mtu fulani. Baba mdogo, mdogo wake baba, aliyapokea maneno yale kama mtu aliyekuwa akiyasubiri. "Lisemwalo lipo," alikuwa akisema, "kama halipo laja." Nimeichukia methali hiyo maisha yangu yote. Ng'ombe wote wakaangukia mikononi mwake, naye akafuta mwezi kabisa, akachonga chuma kipya chenye alama ya msalaba, kwa sababu, alisema, hawezi kuchunga ng'ombe wenye alama ya mtoro. Nilipokuwa mdogo, watoto wenzangu kisimani waliniita hivyo, mtoto wa mtoro, nami nilirudi nyumbani na ndoo tupu na damu puani.

Hayo yote yalikuwa ndani ya kikombe kile, na mimi nimesimama mbele yake na wanafunzi arobaini wanaotaka kwenda kula.

Nilimwambia sajini, "Hiki kikombe si cha adui."

"Mwalimu, imeandikwa."

"Najua kusoma. Nakwambia si cha adui. Ni cha baba yangu."

Sauti yangu ilipanda. Watoto wakaacha kuchezea kamba ya kuzuia watu. Sajini akawaomba watoke wakanywe maji kwenye bomba. Tulipobaki wawili nilimchorea ng'ombe kwenye vumbi la kioo, nikamwekea alama pajani. Yeye ni Msukuma, hakuhitaji maelezo marefu. Akavua kofia, akaenda kwenye meza, akatoa daftari kubwa lenye jalada la kitambaa na kurasa zilizogeuka rangi ya chai. Alitafuta namba ya kikombe kwa kidole, akasoma, akaligeuza daftari upande wangu.

Nilisoma mwenyewe. Kikombe kiliokotwa ng'ambo ya mpaka, ndani ya handaki lililoachwa na adui, vita vikielekea mwisho. Kando yake kulikuwa na mabaki ya mtu mmoja, hana gwanda, hana viatu, mikono imefungwa nyuma kwa waya wa simu. Amezikwa palepale. Na mwisho wa mstari neno moja: adui.

Kwa hiyo hakutoroka. Alikamatwa. Aliishi miezi mikononi mwa watu waliomfunga, akapata kisu au msumari siku moja ambayo mikono ilikuwa wazi, akaandika jina lake kwa njia pekee aliyoijua. Na wenzake walipofika, jina lile ndilo lililomfanya aonekane mgeni. Waliona alama wasiyoijua kwa mtu asiye na nguo, wakamzika kama adui. Sikuwalaumu, na bado siwalaumu, lakini nilitamani kuvunja kile kioo kwa ngumi.

"Mkuu wa kambi hawezi kubadili kadi kwa maneno matupu," sajini alisema polepole. "Na mimi nakuamini, mwalimu. Lakini leta kitu chenye alama hiyo. Ng'ombe, hata kigoda."

Kigoda kililiwa na mchwa. Ng'ombe wana msalaba. Ndipo nilipokumbuka ngozi.

Jumamosi nilikwenda Sola. Mama yangu ana miaka karibu sabini, mfupi, mgongo umepinda kwa kulima pamba. Nilimkuta anapepeta mtama. Nilimsalimu, nikakaa chini, nikamweleza yote isipokuwa waya. Nilimwambia kikombe kimepatikana, kilikuwa kando ya mtu, na mtu huyo alikuwa amekufa vitani. Nilijiambia kwamba mzigo huo mmoja nitaubeba mimi. Mama hupenda kusema masikio yake yamezeeka, na mimi nilifurahi kuyatumia.

Aliendelea kupepeta mpaka mtama wa ungoni ukaisha. Halafu akauliza, "Mwezi una vijiti vingapi?"

"Kimoja."

Aliingia ndani, nikasikia anaburuta ngazi.

Hiyo ngozi niliijua tangu utoto. Ilikaa darini, imekunjwa, imepakwa majivu isiliwe na wadudu. Kila mwaka kabla ya mvua aliishusha akaianika juani, akaigonga kwa fimbo, akairudisha. Hakuna aliyeruhusiwa kuilalia. Ilikuwa ya fahali wa baba, aliyekufa kwa ukame mwaka wa pili baada ya baba kuondoka, na babu aliagiza ngozi itunzwe. Zamani kwetu mwenye mji akifa alizikwa amefungwa ndani ya ngozi ya fahali wake. Mama alikuwa ameitunza ile ngozi miaka arobaini na kitu, akisubiri maiti. Mimi nilikuwa nimedhani, kwa ujinga wangu wa kusoma, kwamba ni ukumbusho tu.

Aliitandaza uani. Manyoya yalikuwa yamepukutika sehemu nyingi, lakini pajani alama ilikuwepo, nyeusi, mwezi na kijiti.

Baba mdogo alikuwa anapita na ng'ombe wake wenye hereni za njano. Alisimama kwenye uzio. Mama hakumwita na hakumfukuza. Yule mzee aliitazama ngozi, akanitazama mimi, na mimi nilimwambia kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia: "Amepatikana. Alikuwa vitani." Ng'ombe walikuwa wameshatangulia, ikabidi awafuate.

Wiki iliyofuata nilimpeleka mama kambini. Alivaa kanga mpya na viatu vyangu, vilivyompwaya. Ngozi aliibeba mwenyewe begani. Kijana wa getini alitaka kuikagua kwa kuifungua, nikamwambia aikague ikiwa pale pale ilipo kama anapenda maisha yake. Sajini alikuja mbio kutuokoa, yaani kumwokoa yule askari.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia mama.

"Mwangaluka, baba," mama akajibu, akapokea mkono wake kwa mikono yote miwili.

Mkuu wa kambi alikuwepo pia, mtu mrefu, kijana kuliko nilivyotarajia. Walitandaza ngozi juu ya meza, wakatoa kikombe kwenye kabati, wakakiweka kando ya ile alama. Hapakuwa na la kubishana. Hata kijiti kiliegemea upande uleule, kama chuma cha baba kilivyokiacha kwenye ngozi. Mkuu aliomba kuona daftari. Sajini alimpeleka pembeni, wakasoma kwa sauti ya chini, nikasikia neno "waya", nikakohoa kwa nguvu. Mama alikuwa ameshika kikombe. Alikuwa anapitisha kidole gumba ndani yake, sehemu ambayo mdomo unagusa.

Halafu akauliza kama anaweza kwenda nacho.

Mkuu wa kambi alieleza kwa heshima. Kikombe kimeshaandikwa, ni mali ya umma, kukitoa kunahitaji kibali kutoka juu, barua zitaandikwa, zitajibiwa, yeye mwenyewe hawezi kuahidi. Kadi atabadilisha, hilo anaahidi, na jina la kaburi kule ng'ambo atalifuatilia. Mimi nilishaanza kupandwa na hasira. Nilikuwa na maneno mengi kuhusu mali ya umma. Mama alinigusa goti.

"Ng'wanawane, nyamaza," alisema kwa Kisukuma, halafu akamgeukia sajini ili amfasirie mkuu wake. "Mwambie nimeelewa. Wao walimpata kabla yangu, basi abaki kwao. Lakini hawezi kukaa hapo uchi. Ngozi hii niliitunza kwa ajili yake. Naomba nimvike."

Sajini alitafsiri, na katikati ilibidi aanze upya. Mkuu wa kambi alitazama kabati, akatazama saa, akatazama nje. Nadhani alikuwa anatafuta kanuni inayokataza. Mwishowe akasema, "Mruhusu."

Mama alikata ngozi kwa wembe alioutoa kwenye pindo la kanga. Hakuikata ovyo; alichukua sehemu ya paja tu, yenye alama, akaiacha ikae kwa juu. Alikiweka kikombe katikati, akakilaza upande uliobonyea ukiwa juu, akakunja ngozi upande mmoja, kisha mwingine. Ilikuwa kavu, ikawa inafunguka. Sajini akaona tatizo, akafungua droo, akatoa kipande cha waya mwembamba wanaoutumia kufungia kadi.

"Tuibane na huu, mayu."

Mama alirudisha mkono wake nyuma haraka, kama aliyeungua.

"Hapana," akasema. Alisema kwa Kiswahili, safari hii, kila mtu asikie. "Mume wangu asifungwe tena."

Sajini alibaki na ule waya mkononi, hajui auweke wapi. Mimi nilitazama sakafu. Nilikuwa nimekohoa bure.

Mama alivua kitambaa cha kichwani, akakichana, akafunga kwa fundo legevu ambalo mtoto angeweza kulifungua. Akaliweka furushi lile, si ndani ya kabati la nyara, bali kwenye rafu ya vitu vya askari wetu, pamoja na kofia ya chuma yenye tundu na kile kiatu kimoja. Sajini alikaa mezani kuandika kadi mpya. Aliandika kwamba ni kikombe cha askari wetu aliyekufa mikononi mwa adui, kwamba kimevikwa ngozi na kisifunguliwe. Mwisho aliandika "kwa ombi la mke wake", akasoma kwa sauti mama asikie.

Alitikisa kichwa.

"Aandike mjane," alisema.

Sajini akafuta, akaandika.

Tulipotoka nje ya geti niliomba msamaha. Nilisema nilitaka kumpunguzia. Alikuwa amevua viatu vyangu, amevishika mkononi, anatembea pekupeku kwenye kokoto.

"Umenificha kitu ambacho ningelala nacho usingizi," akanijibu. "Miaka yote hii nimelala na mwanamke wa ng'ambo na duka lake la baiskeli. Waya ni afadhali." Halafu akalia. Sikuwahi kumwona mama yangu akilia. Alilia kwa sauti, barabarani, malori yakipita, na mimi nikamshika, nikalia naye kwa ajili ya mtu ambaye sijui hata alikuwa mrefu au mfupi.

Msiba tuliuweka Sola, siku tatu tu, bila maiti na bila kaburi, kwa sehemu ya ngozi iliyobaki, tuliyoifukia mlangoni pa zizi la zamani. Watu walikuja wengi kuliko nilivyofikiri. Wengine walikuja kwa pole na wengine kwa haya. Siku ya tatu ni siku ya kunyoa. Kwa desturi ya mji wetu, mjane hunyolewa na mtu wa damu ya mume, na damu hiyo, ukiniacha mimi ambaye ni mtoto na siruhusiwi, ilikuwa imebaki kwa mtu mmoja.

Baba mdogo alikuja na wembe mpya na bakuli la maji. Alipiga magoti kwa shida nyuma ya mama. Nywele zake mama zilikuwa nyeupe zote. Zingenyolewa wakati zilipokuwa nyeusi. Yule mzee alipofika juu ya sikio alimkata. Damu ikateremka shingoni. Aliacha, akaweka wembe chini, akaanza kusema, "Shemeji, yale maneno ya duka la baiskeli, mimi ndiye nili..."

Mama hakugeuka.

"Endelea kunyoa," alimwambia. "Jua linazama, na wewe umenichelewesha vya kutosha."